Maziwa Yaliyovuka Korongo

Kibuyu namba 26 kilikuwa na herufi ambazo hakikupaswa kuwa nazo.

Namsifu Mbwambo alisoma matokeo mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa ameketi. Kisha akatoa kwenye jokofu sampuli nyingine ya kibuyu hichohicho, akaiweka kwenye mashine ya pili, akaenda kunywa chai. Hakuwa na mazoea ya kuamini mashine moja, wala ya kujiamini mwenyewe kabla ya chai. Aliporudi, mashine ya pili ilikuwa imetoa jibu lilelile. Bakteria waliochachusha mtindi wa nyumba namba 26 walikuwa Karani.

Karani hakupaswa kuwa namba 26. Namba 26 ilikuwa magharibi ya korongo.

Akachukua sampuli zote za magharibi, ishirini na moja, ambazo kwa mujibu wa ratiba zilikuwa zimekaa kwenye jokofu zikisubiri ukaguzi wa mwisho. Kufikia saa tisa alasiri alikuwa amezisoma zote. Ishirini zilikuwa na Karani. Moja tu, ya namba 33, haikuwa naye.

Alifunga daftari, akapanda ghorofa ya pili kumtafuta msimamizi wake.

Profesa Rwegoshora alikuwa akimenya ndizi mbivu juu ya rundo la ripoti. Ripoti ya juu kabisa ilikuwa ya Namsifu, na pembeni mwake profesa alikuwa ameandika kwa penseli: *Watoto wa mashariki wamepona. Watoto wa magharibi wamepona. Ni mvua nzuri. Karani hafanyi kazi.*

"Usiniletee machozi," alisema bila kuinua kichwa. "Tasnifu ya uzamivu inaweza kuthibitisha kwamba kitu hakifanyi kazi. Yangu ilithibitisha hivyo, na mke wangu bado ananicheka."

"Sijaleta machozi, Profesa. Nimeleta sampuli za kundi la ulinganisho."

"Limefanya nini?"

"Limekunywa."

Profesa aliweka ndizi chini.

Karani alikuwa kazi ya Namsifu ya miaka minne katika Taasisi ya Sayansi za Uhai, Babati. Alikuwa bakteria wa kawaida wa mtindi aliyeongezewa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa protini inayojipaka kwenye ukuta wa utumbo na kuwanyima vimelea vya kuhara mahali pa kushika. Cha pili kilikuwa utepe mtupu ndani ya DNA yake, wenye nafasi mia mbili na ishirini. Kila mara mtindi wa jana ulipomiminwa kwenye maziwa mapya ili kuyagandisha, badiliko la uchachu liliamsha kimeng'enya kilichoandika herufi moja katika nafasi iliyofuata. Herufi ilijiandika kwa bahati nasibu, hivyo kila kibuyu kilipata mfuatano wake. Lakini mtu akichota mtindi wa kibuyu kimoja kuanzishia kingine, herufi zote za nyuma zilikwenda pamoja nao. Vibuyu viwili vyenye herufi ishirini za mwanzo zinazofanana vilikuwa kibuyu kimoja mpaka herufi ya ishirini. Baada ya hapo vilikuwa ndugu.

Kijiji cha Endasamo, kwenye miteremko ya Hanang, kilichaguliwa kwa jaribio kwa sababu ya korongo na kwa sababu ya harusi. Korongo lilikigawa kijiji, nyumba ishirini mashariki na ishirini na moja magharibi. Harusi ilifanyika miaka kumi na mmoja iliyopita, na katika karamu yake wageni wa magharibi walipewa shingo ya ng'ombe huku wenyeji wakila mbavu. Yalisemwa maneno. Wazee wa pande zote mbili wakaapa kwamba maziwa hayatavuka korongo tena, na nyumba itakayoyavusha itatengwa. Hakuna atakayeisaidia kuvuna, wala kubeba jeneza lake.

"Hakuna ukuta wa maabara unaozuia bakteria kama hasira ya wakwe," Profesa Rwegoshora alikuwa amesema siku ile alipolichagua korongo. Mashariki wakapewa Karani. Magharibi wakaendelea na mtindi wao.

Sasa alikuwa akitazama mti uliochorwa na Namsifu kutokana na herufi, matawi yakitoka mashariki, na tawi moja likivuka korongo na kuchanua upande wa pili.

"Lakini hii ni tasnifu," alisema polepole. "Kila nyumba ya magharibi ina tarehe yake ya kumpokea Karani. Linganisha siku za kuhara kabla na baada, nyumba kwa nyumba. Umeshafanya?"

"Ndiyo. Kabla, kila mtoto aliugua wastani wa siku nne na nusu kwa mwezi. Baada, chini ya siku moja."

"Ongeza ramani kwenye ripoti, mama. Kamati ni Ijumaa ya wiki ijayo."

"Tawi linalovuka linatoka namba 14. Bila namba 14 mti hauna shina, na herufi hazina tarehe."

"Iweke namba 14."

"Sheria ya Data Kurudi Nyumbani inataka ramani yote, nyumba kwa nyumba, ibandikwe ofisi ya kijiji kabla ya kamati kukaa."

"Najua inataka nini. Nilikuwa miongoni mwa walioiandika. Kabla yake watu walichukua damu vijijini wakapotea nayo."

"Namba zimepakwa rangi ya buluu milangoni, Profesa. Namba 14 ni Bibi Eufemia Tluway. Ndiye msemaji wa wanawake wa mashariki kuhusu kiapo."

Profesa aliichukua tena ndizi yake. Kisha akasema, "Sayansi haina shangazi, Namsifu."

"Kijiji kinaye."

"Unataka kuifuta namba?"

"Siwezi. Huko ni kughushi, tena kughushi kijinga. Watu watatafuta namba zao, wataziona arobaini, kisha watakwenda kusimama mbele ya nyumba ambayo namba yake haipo."

"Ukiandika kwamba jaribio limeshindwa, kanuni zinasema vibuyu vyote vyenye Karani vikusanywe na kuchemshwa. Watoto wanarudi kwenye siku nne na nusu."

"Nimeshapiga hesabu hiyo."

"Na jibu?"

"Halikuwa hesabu," alisema Namsifu, na ilionekana wazi kwamba jambo hilo lilimkera.

*

Bwana mifugo Sulle alimpokea kwenye kituo cha barabara kuu kwa pikipiki ya umeme iliyofungwa boksi la chanjo nyuma. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye neno kwa kila jambo. Kwa miezi sita ndiye aliyezunguka kila nyumba ya Endasamo akiandika siku ambazo watoto waliugua. Daftari lake lilikuwa safi kuliko madaftari mengi ambayo Namsifu aliyaona chuoni.

"Daktari mtarajiwa," alisema. "Shika boksi, usinishike mimi. Mke wangu ana wapelelezi."

"Kijiji hakijambo?"

"Kimetulia. Mashariki hawasemi na magharibi, magharibi hawasemi na mashariki. Mimi peke yangu nasema na wote." Akaongeza kwa fahari, "Miaka kumi na mmoja, hakuna tone lililovuka. Andika hilo kwenye kitabu chako. Watu wa mjini hawajui kiapo ni nini."

Namsifu alitazama miguu yake. "Na watoto wako mapacha?"

"Matumbo tu. Kama kawaida." Sulle aliishi magharibi, namba 33.

Alimshusha mashariki, kwenye uzio wa namba 14. Bibi Eufemia alikuwa uani akifukiza kibuyu kwa kijinga cha mzeituni pori, akikizungusha mdomo wake juu ya moshi. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya viatu.

"Karibu, mwanangu. Umekonda. Shule yenu haina ugali?"

"Upo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Maziwa utakunywa."

Namsifu aliketi. Alikuwa ameandaa sentensi tano kwa mpangilio, akazisema zote kwa mpangilio: kwamba Karani anaandika, kwamba maandishi yake yanasomeka, kwamba yanaonyesha mtindi ulitoka wapi kwenda wapi, kwamba yeye Namsifu alipoomba idhini hakulisema hilo kwa sababu hakudhani lingekuwa na maana, na kwamba tawi moja lilitoka kwenye kibuyu hiki na kuvuka korongo.

Bibi Eufemia hakuacha kuzungusha kibuyu.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "umeniletea maziwa mambea."

"Ndiyo, Bibi."

"Nilikuuliza siku ile: yana nini ndani? Ukasema, dawa ya tumbo. Hukusema yana mdomo."

"Sikusema. Lilikuwa kosa langu."

Bibi aliweka kibuyu chini. "Mimi sijavuka korongo. Jumanne ng'ombe wetu wanaogeshwa asubuhi, wa kwao alasiri. Saa saba mchana josho halina mtu. Kibuyu nakiacha juu ya ukuta wa josho, naenda zangu. Nani anakichukua, sijui. Mgongo wangu hauna macho."

"Anakichukua namba 26."

"Paskalina," alisema Bibi Eufemia, na sauti yake ikalainika kidogo. "Tuliolewa mwaka mmoja, tukachekwa mwaka mmoja. Ng'ombe wake alikauka, mjukuu anakwisha kwa kuhara. Ungefanyaje wewe na elimu yako?"

"Ningevunja masharti ya jaribio."

"Haya." Akavaa miwani. "Nionyeshe huo umbea."

Namsifu alitandaza nakala ambayo namba zote alikuwa amezifunika kwa karatasi, isipokuwa 14. Bibi aliinama akafuata matawi kwa kidole.

"Hivi sita vyenye alama ya msalaba, huku kwetu mashariki, vimekosa nini?"

"Hivyo nimevitoa. Vilichafuka maabara."

"Vilichafukaje?"

"Vina herufi za pande zote mbili. Mwanzoni za mashariki, katikati za magharibi. Haiwezekani. Ni kama mtindi ulikwenda magharibi, ukakaa, kisha ukarudi. Na haukurudi."

"Nani kakuambia haukurudi?"

 Namsifu alilitafuta jibu kichwani kwa utaratibu, kama mtu anayekagua rafu. Hakukuwa na kipimo. Hakukuwa na sampuli. Kulikuwa na kiapo, na daftari la Sulle.

"Kiapo," alisema.

"Kiapo kilikuambia pia kwamba haukwenda."

Kuku walipita uani. Namsifu alichukua penseli, akafuta misalaba sita, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu wa mtu anayejiadhibu. Kila ulipofutwa msalaba, tawi lilijitokeza likirudi kutoka magharibi.

"Sita," alihesabu Bibi Eufemia. "Katika nyumba ishirini. Za nani?"

"Siwezi kusema."

"Umejifunza leo?"

"Nimejifunza leo."

"Basi niambie kimoja tu. Katika hao sita, yupo mwenye kiti cha mzee wa kiapo?"

Namsifu alikunja karatasi. Alijua kwamba kunyamaza nako ni data, lakini hakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Bibi Eufemia alianza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa mwili mzima, mpaka akavua miwani kuyafuta macho. "Na mimi miezi minne naamka na moyo mkononi. Sikiliza, mwanangu. Langu libandike. Lakini nenda kawaulize wote ambao maziwa yao yamevuka, kwenda na kurudi, mmoja mmoja, kwa mdomo wako. Akikataa mmoja tu, chemsha vibuyu vyako, na mimi sikukuona."

*

Nyumba zenye mstari unaovuka zilikuwa kumi na nne. Ukitoa ya Bibi Eufemia zilibaki kumi na tatu, na Namsifu alizimaliza kwa siku mbili, akinywa mtindi katika kila moja kwa sababu kukataa kungechukua muda mrefu zaidi.

Hakumtaja mtu kwa mwingine. Alieleza kila mlangoni kitu kilekile, na karibu kila mlangoni akaulizwa swali lilelile: "Ni mimi peke yangu?" Alijiruhusu jibu moja. "Si wewe peke yako." Baada ya hapo nyuso zilibadilika kwa namna ambayo hakuwa na kipimo chake, ingawa aliiona mara nyingi kiasi cha kuiita ya kuaminika.

Bibi Paskalina, namba 26, alimkatiza katikati. "Eufemia kasemaje?"

"Siwezi kusema, Bibi."

"Basi kakubali. Angekataa ungekuja na uso mwingine. Bandika."

Mwanamke wa namba 38 alitaka kujua kama ramani itaonyesha kwamba yeye alipeleka mara tatu na kupokea mara moja tu. Namsifu alisema itaonyesha. "Vizuri," alisema mwanamke. "Waone."

Namba 7 aliiacha mwisho. Mzee Bura ndiye aliyetamka kiapo kwa upande wa mashariki, na ndiye aliyekuwa na kauli juu ya kutengwa. Alimsikiliza Namsifu mpaka mwisho, fimbo ikiwa imelala magotini.

"Unadhani ni mke wangu," alisema.

"Sidhani kitu, Mzee. Kibuyu hakisemi ni mkono wa nani."

"Ni wangu." Aliitazama fimbo. "Yule shemeji yangu ng'ambo anafukiza kibuyu kuliko mtu yeyote katika milima hii. Nilivumilia miaka kumi. Mwaka wa kumi na moja ukanishinda. Nani angenikagua? Mkaguzi ni mimi."

"Ramani ikibandikwa, watu watajua."

"Na isipobandikwa?"

"Vibuyu vitachemshwa. Watoto wataugua kama zamani."

"Wangapi wengine?"

"Si wewe peke yako, Mzee."

"Sikuuliza hivyo. Nimeuliza, nikitaka kuwatenga wote waliovusha, nitabaki na watu wangapi wa kubeba jeneza langu?"

Namsifu alifikiri. Lilikuwa swali la namba, na halikuhitaji jina la mtu. "Kwa upande huu, kumi na tatu. Ukijitoa na wewe."

"Kumi na tatu, na watano wana magoti mabovu," alisema Mzee Bura. "Bandika."

*

Ramani ilibandikwa Jumatano saa nne asubuhi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, iliyojengwa juu ya daraja la korongo ili isiwe ya upande wowote. Walikuja watu wa pande zote mbili. Walisimama mbele yake kama wanaotazama matokeo ya mtihani, kila mmoja akitafuta namba yake kwanza, kisha ya jirani.  Kisha mtu nyuma alisema, "Eti namba 7," na kicheko kikapita katikati ya watu wote bila kuuliza upande.

Mzee Bura alikisubiri kiishe. Akagonga fimbo mara moja. "Nyumba inayovusha maziwa itatengwa," alisema. "Ndivyo tulivyoapa. Wanaotaka kututenga wajipange kule." Alionyesha kona ya ukuta. Hakuna aliyekwenda. Bibi Eufemia na Bibi Paskalina walikuwa wamesimama bega kwa bega wakibishana, kwa sauti ya kusikika, ni nani kati yao aliyekuwa akichelewa josho.

Mtu mmoja alibaki mbele ya ubao.

"Mimi simo," alisema Sulle.

Namsifu alimsogelea. Namba 33 ilikuwa pale, pembezoni mwa karatasi, duara lisilo na mstari hata mmoja. Aliikumbuka alasiri ya kwanza maabara, alivyoifurahia: sampuli pekee safi. Aliwaomba ruhusa wote wenye mistari. Haikumjia kwamba kuna mtu angeumizwa kwa kutokuwa nayo.

"Nyumba yako ilishika kiapo," alisema.

"Arobaini," alisema Sulle. "Nyumba arobaini zina hiyo dawa, na mimi ndiye niliyekuwa nazizunguka kila wiki. Wanangu wanaumwa, naandika kwenye daftari, naendelea na nyumba inayofuata." Aliwageukia watu. "Hakuna hata mmoja aliyeniletea?"

 Ni Bibi Paskalina aliyejibu, na hakumtania. "Wewe ndiye uliyeshika daftari, Sulle. Mwenye kalamu haletewi kitu cha kuficha."

Sulle alifunga daftari lake, akapanda pikipiki, akaondoka. Lilikuwa tukio la kwanza, kwa wanaomfahamu, ambapo aliondoka mahali bila neno la mwisho.

Kesho yake saa nne asubuhi Namsifu alikwenda kumwomba radhi. Alishindwa kuufungua mlango wa uzio, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na vibuyu. Alivihesabu, kwa mazoea. Vilikuwa tisa, vyote vimejaa, vingine vina shanga na vingine vimefungwa ngozi. Ndani, Sulle alikuwa amempakata pacha mmoja huku mwingine akinywa kwenye kikombe cha bati kilichomzidi uso.

"Daktari mtarajiwa," alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Wameleta vingi mno. Utanisaidia kunywa, au unaogopa kuharibu utafiti?"

Alikuwa sahihi. Nyumba namba 33 ilikuwa ulinganisho safi pekee uliobaki, na kwa kikombe kile uliisha. Namsifu alitazama saa, akaandika tarehe, akaketi, akapokea kikombe.

*

Kamati ilikaa Ijumaa. Mtahini wa nje, mama mmoja mkali kutoka Dodoma, alikuwa amesoma tasnifu mpaka viambatisho, hata ukurasa ulioongezwa jana yake. Profesa Rwegoshora aliketi pembeni, amekunja mikono, akitazama dari.

"Nyumba namba 33," alisema mtahini. "Data yake inaishia siku ya 187. Kwa nini?"

"Ilipewa mtindi wenye Karani."

"Na nani?"

"Na nyumba tisa. Ningewashauri wasubiri wiki moja tu, ningepata kipimo bora. Yaani, kama ningewahi. Nilifika wameshaleta."

"Ungewashauri?"

Namsifu alilipima swali hilo kwa muda mrefu kuliko maswali yote ya asubuhi ile. "Hapana," alisema.

Mtahini aliandika kitu. "Na hizo nyumba tisa ni za upande upi? Mashariki au magharibi? Sioni kwenye jedwali."

Namsifu alifungua daftari la uwandani kwenye ukurasa wa Alhamisi. Kulikuwa na tarehe, saa, idadi ya vibuyu, ujazo wa kila kimoja, na joto la mtindi. Alipekua ukurasa uliofuata, kisha akarudi.

"Upande sikuuandika," alisema.